Rejea Ukurasa wa Tatu

4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama anasema simu yako huipokei mpaka kuwe na msiba, na hakuna aliyekufa, kwa hiyo naandika.

Habari yenyewe ni hii. Chumba cha kufulia cha hospitali, nilichofanyia kazi miaka saba, kinakabidhiwa kwa kampuni ya nje mwanzoni mwa Mei. Wanakuja na wafuaji wao. Sisi tumeambiwa asanteni kwa karatasi moja, watu kumi na wanne karatasi moja, imebandikwa mlangoni. Mimi na mama tunaishi kwa mashuka yale, unajua.

Sasa kuna kiwanda cha vifaa vya hospitali kinatafuta mwandishi wa miongozo, yale makaratasi yanayokuja na mashine kukuambia ubonyeze wapi. Mwisho wa kupokea maombi ni tarehe kumi na tano Mei. Katika ukoo mzima ni wewe peke yako uliyewahi kulipwa kwa kuandika, tena makaratasi ya namna hiyohiyo. Nimeambatisha wasifu wangu. Mama wa steshenari ndiye aliyenichapia, anasema ni mzuri na umeshawapatia watu kazi. Naomba uupitie, urekebishe panapohitaji, kama papo.

Mpwa wako

11 Machi

Binti wa dada yangu,

Marahaba. Wasifu wako nimeusoma nikiwa nimekaa, na nashukuru kwamba nilikuwa nimekaa.

Unasema wewe ni "mchapakazi, mwaminifu, mwenye ari na moyo wa kujituma." Sijawahi kuona mtu aliyeandika kwamba ni mvivu na mwizi. Maneno ambayo kila mtu anayaandika hayamwambii msomaji kitu. Unasema unaweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Hata boila hufanya kazi chini ya shinikizo, na haijaomba ajira. Chini ya "mambo nipendayo" umeweka kusoma, kusafiri na kuogelea. Wewe maji hayajawahi kukupita magoti, na safari yako ya mwisho ilikuwa harusi ya kaka yako. Alama za shule ya msingi zimekula robo ya ukurasa. Umeandika dini, hali ya ndoa na kimo. Kimo cha nini, wanakushonea sare? Na kwenye ukurasa wa pili, mstari wa nne, una leseni ya kuendesha malori yenye tela. Umeanza lini? Huyo mama wa steshenari ana wasifu mmoja tu, anaubadilisha majina, na sasa hivi kuna dereva mahali fulani amejikuta ni bingwa wa kufua mashuka.

Atakayeupokea ataupokea pamoja na za watu wengine themanini, kabla ya chai. Atautazama kwa muda wa kufunga kamba za viatu. Anataka kujua jambo moja: huyu akiandika, mtu aliyesimama mbele ya mashine anaelewa la kufanya? Wewe umempa kurasa tatu za kujisifu. Debe tupu haliachi kuvuma.

Anza upya. Ukurasa mmoja. Kazi ya karibuni itangulie, za zamani zifuate. Kila mstari uanze na kitendo ulichofanya, umalizike na kilichotokea kwa sababu yake, kwa tarakimu kama zipo. Soma tangazo lao, na kile wanachokitaka, ikiwa unacho, kiwe juu kabisa. Sifa zako usiziandike. Kama zipo zitaonekana, na kama hazipo hata uzipige rangi nyekundu hazitaonekana.

Halafu nijibu swali moja. Umewahi kuandika kitu chochote ambacho mtu alikisoma, akanyoosha mkono, akafanya? Barua za mapenzi hazihesabiki. Kama hujawahi, tafuta kazi nyingine, tusipotezeane wino.

Mimi nilipokuwa kiwandani hakuna mwongozo uliotoka mezani kwangu bila kujaribiwa. Unamchukua mtu asiyeijua mashine, unampa karatasi, unakaa nyuma yake na mdomo umeufunga. Akikosea, umekosea wewe. Hiyo ndiyo kazi, mengine ni mapambo.

Na usinipigie simu. Anayeomba kazi ya kuandika aombe kwa kuandika.

Mjomba wako

20 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa hasira. Mama alinisikia nikisoma akasema, "Huyo alizaliwa anamkosoa mkunga." Nimerudi kwa mama wa steshenari kuhusu yale malori. Amesema nisilalamike, leseni haijawahi kumharibia mtu.

Swali lako. Jibu ni hapana, isipokuwa kipande cha boksi.

Tuna mashine kubwa ya kufulia kwa mvuke, ya zamani, hata bati la jina la kiwanda lilishapakwa rangi. Ilikuja na mwongozo wa kurasa arobaini ambao jalada lake limechanika. Nilipoanza kazi niliambiwa niusome. Nikausoma nikadhani nimeokota hotuba ya mazishi. Sikiliza: "Mtumiaji mwenye busara hatathubutu kuufungua mlango kabla ya kujiridhisha kikamilifu kwamba mgandamizo uliomo umekwisha kupungua kwa kiwango stahiki." Busara ya nini? Mimi nina mashuka mia mbili yenye damu. Aliyeandika hivyo alikuwa amevaa tai, nakuapia, na hajawahi kusimama mbele ya mlango ule hata siku moja. Tena hatua yenyewe, ya kumi na nne, inasema tu "Fungua mlango." Onyo liko kwingine huko mbali, limelala na maonyo mengine kumi na sita.

Watu watatu waliungua katika miaka yangu mitatu ya kwanza. Wa tatu ni mwenzangu ninayekunja naye mashuka, mkono mzima kuanzia kwenye kiwiko hadi vidoleni. Alipoungua alikuwa ameushika mwongozo uleule kwa mkono wa pili, kidole kiko kwenye hatua ya kumi na nne. Msimamizi akamwandikia barua ya onyo kwa uzembe.

Kesho yake nilichana boksi la sabuni, nikachukua kalamu nene, nikaandika mistari tisa, nikalibandika kwa selotepu kwenye mlango wa mashine. Mstari wa saba unasema: "Tazama mshale wa mvuke. Ukiwa juu ya sifuri, usiguse mlango. Kunja mashuka." Wa nane: "Mshale umefika sifuri? Sasa fungua." Wafuaji wapya, sita mpaka sasa, nawaacha wasome wenyewe, nasimama nyuma nimenyamaza. Mmoja alikwama mstari wa tano, nikaufuta nikaandika mwingine. Miaka minne sasa hakuna aliyeungua.

Lakini ni boksi la sabuni, Mjomba. Nikiliandika kwenye wasifu si watacheka? Au niandike? Niambie tu, nitafuata utakavyosema.

Mpwa wako

8 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Ulipata barua yangu? Zimebaki wiki tano na wasifu wangu una jina, anwani na nafasi tupu.

Mpwa wako

17 Aprili

Mpwa,

Niliipata. Nilikuwa na shughuli.

Boksi usiliweke. Waajiri wenye heshima zao hawaajiri mtu kwa boksi. Andika cheti chako cha sekondari, yale mafunzo ya kompyuta, na kwamba unajua lugha mbili. Inatosha.

Na nikwambie jambo, kwa kuwa unadharau usichokijua. Mwandishi wa mwongozo si yaya. Onyo lilikuwepo, ukurasa wa tatu, mstari wa pili, kwa herufi nzito, kwa kila mwenye macho. Kama wenzako wanaruka kurasa wakakimbilia mlango, wasimlaumu aliyeandika. Wasomaji siku hizi wamekuwa wavivu, wanataka kutafuniwa.

Mjomba wako

22 Aprili

Mjomba,

Sikukutajia ukurasa.

Barua ninazokutumia huwa naziandika kwanza kwenye daftari, kwa kukuogopa, na daftari ninalo hapa. Niliandika "kwingine huko mbali." Sikuandika tatu, wala mstari wa pili, wala herufi nzito. Leo asubuhi nimeutoa mwongozo nyuma ya kabati la sabuni nikaufungua. Ukurasa wa tatu. Mstari wa pili. Herufi nzito.

Nimemuuliza mama kiwanda chako kilikuwa kinatengeneza nini. Akasema mitambo ya mvuke, ya nini hasa hajui, maana ulikuwa huongelei kazi, ulikuwa unatusahihisha tu tunavyoongea mezani.

Kwa hiyo ni wewe. Busara, stahiki, yote. Ulikuwa umevaa tai?

Mwenzangu hawezi kukunja vidole viwili mpaka leo. Shuka analikunja kwa kiganja. Uliandika kwamba msomaji akikosea umekosea wewe, nami kwa ujinga wangu nikaibandika sentensi hiyo juu ya kitanda changu. Nyani haoni kundule.

Hayo ningeweza kuyameza. Miaka imepita na hukuwa unamjua mtu yeyote pale. Nisichoweza kukimeza ni hiki cha juzi. Nilikuwa na kitu kimoja cha kuonyesha, kimoja tu katika miaka saba, nawe ukaniambia nikifiche ili chako kisionekane. Zimebaki siku ishirini na tatu.

Mpwa wako, bado

30 Aprili

Binti wa dada yangu,

Nilikuwa nimevaa tai. Ya kijani.

Barua hii nimeiandika mara tano. Nne zilianza kwa kujitetea, nikazichana.

Mwongozo ule niliuandika miaka kumi na tisa iliyopita na niliuonea fahari. Kanuni ya ofisi yetu ilikuwa maonyo yote yakae pamoja mwanzoni, kama wageni wa heshima kwenye viti vya mbele, hatua zifuate baadaye. Kanuni hiyo niliitunga mimi. Nilisema kumrudishia mtu onyo kwenye kila hatua ni kumdharau. Ukweli ni kwamba yakikaa pamoja ukurasa ulipendeza.

Nao ulijaribiwa, hapo sikukudanganya. Nilikaa nyuma, mdomo nimeufunga. Ila siku ile kiwanda kilikuwa na haraka ya kuuza, na mtu pekee aliyekuwa na nafasi ni fundi aliyeibuni mashine yenyewe. Nikampa yeye. Alifuata hatua zote bila kukosea hata moja, na angezifuata hata kama ningempa orodha ya sokoni. Alipofika ya kumi na nne alitupia mshale jicho, ndipo akafungua. Nilimwona akilitupa hilo jicho, na sikujiuliza asiyejua atalitupaje. Nilifurahi tu kwamba tumemaliza kabla ya chakula cha mchana.

Barua za malalamiko zilikuja, kumi na moja kwa jumla. Nilizijibu zote kwa mstari mmoja: rejea ukurasa wa tatu. Mafundi wakanibandika jina, Bwana Ukurasa wa Tatu, nami nikadhani ni sifa. Nilipostaafu nilipewa saa ya ukutani. Ninayo hapa, inachelewa.

Kuhusu boksi, niliona aibu nikataka uilipe wewe. Sina namna nzuri ya kulisema hilo. Naomba unisamehe, na kama huwezi, angalau lile shauri langu la tarehe kumi na saba litupe.

Mficha uchi hazai. Mstari wa kwanza wa wasifu wako uwe huu:

"Badala ya mwongozo wa kurasa arobaini niliandika ukurasa mmoja wa mistari tisa, nikaujaribu kwa wafuaji sita wasioijua mashine. Kabla yake: watu watatu waliungua katika miaka mitatu. Baada yake: hakuna, kwa miaka minne."

Chini yake weka kazi zako nyingine, kwa kifupi. Kimo, dini na malori viondoke. Ambatisha nakala ya boksi neno kwa neno, na ule mstari wa tano uliofutwa uuache uonekane umefutwa, maana hapo ndipo watakapoona kwamba unajua kazi. Sehemu ya wadhamini niandike mimi. Wataniuliza, na nataka waniulize.

Kwa mwenzako nilikuwa nikuombe umfikishie neno langu. Hapana, nitamwandikia mwenyewe. Naomba anwani yake.

Mjomba wako

9 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimeupeleka leo kwa mkono wangu. Ukurasa mmoja, na boksi nyuma yake. Jina lako nililifuta mara mbili nikalirudisha mara mbili. Mlinzi wa getini alichukua bahasha, akaipima kwa mkono akauliza, "Hii tu?" Nikasema hii tu.

Mama aliusoma mstari wa kwanza kabla sijatoka. Akauliza huo mwongozo wa kurasa arobaini ni wa nani. Nikasema ni wa mtu fulani. Akautazama tena, akasema huyo mtu fulani sisi tumekula naye meza moja, akaenda kuanika nguo.

Sijakusamehe yote. Anwani ya mwenzangu iko nyuma ya karatasi hii. Amesema barua isiwe ndefu na isiwe na neno stahiki.

Mpwa wako

21 Mei

Kwa Mkuu wa Idara ya Miongozo,

Mmeniuliza kama anayoyasema mwombaji ni ya kweli. Ni ya kweli. Najua kwa sababu ule mwongozo wa kurasa arobaini ni wangu.

Uliandikwa kwa ufasaha na watu waliungua huku wameushika mkononi. Wake umeandikwa kwenye boksi la sabuni, hauna sentensi hata moja ya kusifiwa, na hakuna aliyeungua. Wiki iliyopita nilipanda basi nikaenda kuhakikisha kwa macho yangu. Mfuaji wa kampuni mpya, siku yake ya kwanza, alisoma mstari wa saba, akatazama mshale, akageuka akaanza kukunja mashuka. Alikunja tisa. Kisha akatazama tena, akafungua mlango. Mimi nilikuwa nyuma yake na mdomo nimeufunga. Imenichukua miaka kumi na tisa kukaa nyuma ya mtu anayefaa.

Nadhani mezani kwenu mna wachapakazi wengi wenye ari na moyo wa kujituma, na baadhi yao wana leseni za malori. Wapeni pongezi zangu. Kisha mwajirini huyu.

Bwana Ukurasa wa Tatu, mstaafu

18 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Wamenichukua. Mkuu wa idara aliisoma barua yako mbele yangu, akauliza kama uko hivyo siku zote. Nikamwambia nyumbani huwa zaidi.

Hukuniambia kwamba ulikuja. Ulipita mita mia tatu kutoka kwetu ukarudi na basi la jioni, na mama amekasirika kwa kuwa siku hiyo alikuwa amepika.

Boksi nimeliacha pale pale. Kampuni mpya walitaka kulibandua, wanasema linachafua chumba. Mwenzangu, ambaye ndiye pekee waliyembakiza kwa kuwa anaijua mashine, alisimama mbele ya mlango mpaka wakaachana nalo. Barua yako anatembea nayo kwenye mfuko wa aproni. Sijui ulimwandikia nini. Anasema ilikuwa mistari minne na aliielewa mara moja.

Nimepewa mashine ya kwanza, ya kuchemshia visu na mikasi ya upasuaji. Mwongozo wangu una hatua kumi na mbili, na kila onyo liko ndani ya hatua yake. Sasa nataka kuujaribu, na hapa ofisini hakuna anayenifaa, wote wameshaizoea mashine. Ninahitaji mtu asiyejua chochote kuihusu, mkaidi, asiyependa kuelekezwa, ambaye akikwama hatanionea huruma. Mama amesema nisihangaike kutafuta mbali.

Njoo Jumatatu saa tatu asubuhi, bila tai. Utasoma wewe. Mimi nitakaa nyuma yako na mdomo nimeufunga.

Mpwa wako